Kipande cha Mama

4 Machi

Kaka yangu mpenzi,

Salamu kwako, kwa wifi na watoto. Mimi mzima, ila moyo uko huko. Mama anaendeleaje?

Kile kipande cha uvimbe wake alichokubali nipewe kimefika salama hapa maabara. Nimekigawa kwenye chipu: vipande vya mpira angavu, vidogo kama stempu, vyenye vijifereji vyembamba kuliko unywele. Pampu inasukuma humo maji yenye chakula, kama damu ipitavyo mwilini, ili seli zidhani bado ziko kwake. Tutapitisha dawa tuone ipi itaziweza. Mwambie nazilea mwenyewe.

Mdogo wako


12 Machi

Mdogo wangu,

Huku wote wazima isipokuwa mwenye nyumba, Mama. Nilipomsomea barua yako alicheka mpaka akakohoa. "Kumbe nimesafiri bila pasipoti! Muulize, huko nalala chumba cha peke yangu?"

Lakini dawa inamtapisha mno. Cherehani ameifunika shuka, na unamjua, hata alipokuwa na homa alishona. Anauliza unakuja lini. Njoo tu.

Kaka yako


2 Aprili

Kaka,

Natumai mmeamka salama. Nina neno zito. Dawa anayotumia Mama haizigusi seli zake. Zinazaana kana kwamba tumezipitishia maji matupu. Profesa anasema chipu si daktari, nisikimbilie kuhukumu. Hata hivyo amempigia simu daktari wa Mama.

Imebaki dawa ya pili. Nikiondoka sasa, hakuna wa kuiendeleza kazi hii. Nivumilieni hadi mwisho wa mwezi. Mwambie Mama avumilie.

Mdogo wako


24 Aprili

Mdogo wangu,

Leo salamu sina. Mama tumemzika jana. Kwenye simu ulilia tu, hatukusemezana, ndiyo maana naandika.

Siku zake za mwisho, mlango ukilia tu anainua kichwa. Alidhani ni wewe.

Wifi yako ananiambia zile seli bado unazo. Yaani unakilisha kilichomla mama yetu? Umekaa nacho, yeye ukamwacha?

Kaka yako


9 Mei

Kaka yangu,

Pole kwako na kwa wote hapo nyumbani. Sikufika, na sina pa kujificha.

Dawa ya pili imeziweza. Uvimbe ndani ya chipu umenywea. Majibu yalitoka wiki ile ile mliyomzika. Nilitoka nikakaa kwenye ngazi za jengo, watu wananiruka tu wakienda kula. Huenda mwilini mwake isingefaa kitu. Hatutajua.

Zimebaki chipu ambazo hazijapitishiwa dawa. Profesa anataka turudie jaribio ili tupate uhakika. Mama aliridhia, lakini nimeomba zisiguswe mpaka unijibu. Ukisema nizime pampu, nitaizima kwa mkono wangu.

Mdogo wako


30 Juni

Mdogo wangu,

U hali gani? Nimechelewa. Kila nikishika kalamu hasira ilinirudia.

Wateja wa Mama wanakuja kuchukua nguo zao. Jana alikuja mmoja, nywele zimekwisha kichwani. Yeye na Mama walilazwa wodi moja. Kajaribu gauni lake, likampwaya. Wifi yako akamwambia tutampelekea fundi alipunguze. Akasema, "Liacheni hivyo hivyo. Nitanenepa." Nikatoka nje.

Usizime. Endeleeni.

Kaka yako


10 Julai

Kaka yangu,

Barua yako nimeisoma nimesimama. Asante.

Seli za Mama hazipo tena. Sikuzizima. Pampu ilikwenda, chakula kilikuwepo, ila mwezi uliopita zilianza kunyauka zenyewe. Hazidumu sana kwenye chipu. Nilijua hilo, na bado nilikusubiri. Jaribio tutalirudia kwa kipande cha mgonjwa mwingine. Kimefika asubuhi ya leo.

Siku yao ya mwisho nilivuta kiti mbele ya hadubini, nikakaa nazo mpaka hakuna iliyobaki hai. Mwenzangu aliniuliza nangoja nini, maana hapakuwa na cha kupima. Safari hii nilikuwepo.

Nakuja mwisho wa mwezi. Nipeleke kaburini kwanza, nyumbani baadaye.

Mdogo wako