Vidonge vya Karatasi ya Daftari

Yaya Neema, dada yangu mukubwa, weye unayechoka ukipanda ngazi tu,

Salamu toka Uvira! Huku kwa mama mudogo, mutaa wa Kasenga, shujaa wako anayejitayarisha kwa marathoni ya kwanza iko analala chali na kuogopa mukojo wake mwenyewe.

Usicheke. Jana nilikimbia kandokando ya ziwa mpaka jua likawa juu ya kichwa. Maji sikubeba, maana minye si mutoto. Ili goti lisinisumbue, nilimeza vidonge vinne vya maumivu mbele ya kuanza. Nilikimbia kama pikipiki! Kurudi, nikakojoa mukojo mweusi kama chai.

Pale kituo cha afya, mama muganga akauliza: «Ulimeza dawa gani?» Nikamupa karatasi waliyonifungia vidonge sokoni, jani la daftari la mwanafunzi. Akasoma Kifaransa cha mwanafunzi, ‘niko, uko’: «Je suis, tu es… Na jina ya dawa iko wapi, champion?» Nikaigeuza karatasi: upande wa pili, hesabu za kujumlisha tu.

Akasema vidonge vingine vya maumivu vinaweza kuharibu figo, zaidi muntu akikauka maji. Wamenipima damu, jibu ni kesho. Mama mudogo ananinywesha maji, na kila saa minye nachungulia rangi kwenye ndoo. Bado haijawa nyeupe kama maji.

Mama naye anameza vidonge vya karatasi kwa ajili ya mugongo wake. Umunyang'anye, lakini usimwambie sababu ni minye, asije akahangaika. Na uniombee, hata kama ni aibu kuombea mukojo.

Nakupenda, mwenye miguu mizito weye.
Mudogo wako Bahati. Je suis, Yaya. Bado niko.