Shukrani Tuliyoiwahisha

Nyamirambo, Kigali

Kaka Hamisi,

Assalamu alaikum. Natumaini wewe na wifi hamjambo huko Ujiji, na miguu ya Mama imepungua kuvimba. Mimi mzima. Shemeji yako ndiye sijui nimwite mzima au mgonjwa, na ndiyo sababu naandika, maana simu zangu hupokei.

Unakumbuka Saidi alivyopasuliwa utumbo mpana, uvimbe ukatolewa, picha zikatoka safi. Daktari akasema kuna damu imepelekwa nje kupimwa: ikiwa haina mabaki ya saratani, hatapewa dawa, yakiwepo, ataanza dripu. Ni kungoja tu, Kaka! Wewe ukaja na mbuzi wako, ukaita masheikh na mtaa mzima, dua ya shukrani ikasomwa, ukasimama barazani kutangaza kuwa Saidi amepona. Nilikuvuta jikoni nikakwambia majibu bado. Ukanijibu nina imani haba. Nami nikaendelea kupakua pilau. Najilaumu mpaka leo.

Majibu yamekuja. Daktari, mama mmoja mpole, akamwambia taratibu: "Mzee, picha iko safi, lakini damu iko na mabaki. Ni kidogo sana, macho haiwezi kuona. Tuanze dawa sasa, tusingoje saratani irudi."

Saidi akavaa kofia yake akatoka. Nyumbani akasema, "Watu wamekula shukrani yangu. Leo niwaambie nini, kwamba nilimdanganya Mungu? Hamisi mwenyewe alisema nimepona." Hii wiki ya tatu. Yuko kwenye cherehani anashona kanzu, wateja wakimuuliza hali anajibu alhamdulillahi. Nikigusia dripu anaongeza sauti ya redio. Mimi ameshanizoea, anayemsikiliza ni wewe.

Nimechoka, Kaka. Nina hasira nawe.

Daktari ametupangia tena Jumatatu ijayo. Barua hii nampa jirani yangu anayesafiri kesho, akukabidhi mkononi. Ukishaisoma mpigie Saidi, umwambie ulikosea. Usizungukezunguke. Sema hivyo hivyo: nilikosea, nenda ukatibiwe.

Nisalimie wifi na wanao. Mama umshike mkono kwa niaba yangu, lakini habari hizi usimpe.

Na kama neno hilo litakushinda, siku ya maziko usije. Tutamzika na majirani.

Dada yako,
Zuhura