Mwonjaji Mkuu wa Matufaa

Jumatatu, 10 Machi

Ijulikane kwamba kuanzia leo mimi, mpangaji wa chumba cha uani, fundi feni na pasi, nimeteuliwa kuwa Mwonjaji Mkuu wa nyumba hii ya Mtoni. Uteuzi umefanyika karoni nikifua soksi. Hakuna kiapo, hakuna mshahara. Sifa iliyozingatiwa ni moja: nyumba nzima ni mie tu nisiyefunga.

Ni Mlutheri wa Makete. Nina Kwaresima yangu, nimeacha soda. Hakuna aliyegundua.

Habari yenyewe ni hii. Salma, binti wa mwenye nyumba, anatakiwa na kijana wa Kinondoni. Ndugu wa kijana walikuja kabla ya Ramadhani, wakapewa juisi ya unga wa pakiti. Shangazi wa kijana, Bi Nasra, akaitazama glasi, akasema kumbe huku watu wanakunywa maji ya rangi. Baada ya hapo kimya. Barua ya posa haikuja. Salma amekonda mpaka shingo. Jana wametuma neno: watakuja kufuturu Jumamosi.

Mama Salma kalipokea neno hilo kama mtihani wa marudio. Ameamua: juisi ya matufaa yenye viungo, ya kukamua kwa mkono. Na anayejua matufaa yanakotoka ni mie. Nimempigia dada yangu Makete. Kacheka kwanza, kisha kasema anatuma.

Jumanne, 11 Machi

Nimelipokea boksi stendi ya Mbezi Luis alfajiri. Limefungwa kamba ya katani kama mtuhumiwa. Matufaa madogo, yana madoa, hayang'ai kama ya supamaketi. Harufu yake lakini. Abiria wawili walinifuata wakiuliza bei.

Mama Salma kayachagua kwa kuyagonga na kidole, sikio karibu, kama anachagua nazi. Mazima huku. Yaliyopondeka safarini kayatia ndoo, kayafunika. Nilidhani ni ya kutupa. Huyu mama hatupi kitu.

Alasiri kazi. Salma anasaga kwa blenda, mama anakamua kwa kifumbu, kile kile cha tui. Viungo kavichemsha pembeni na maji: mdalasini, karafuu, iliki, tangawizi, ganda la chungwa. Kavisubiri vipoe ndipo kachanganya. Juisi yenyewe haikuona jiko. Anasema moto unaua harufu.

Na haonji. Nimemwambia nimesikia mpishi aliyefunga anaruhusiwa kugusisha ulimi, kisha ateme. Kasema anajua, tatizo ulimi wake haujui kutema. Kwa hiyo ananusa. Anainama, anavuta mara moja, anageuka pembeni kufikiri.

Nimepewa kijiko. Nikasema nzuri. Kasema nzuri si jibu, hiyo ni salamu. Nikajikaza: karafuu imetangulia, mdalasini unakimbia nyuma. Akachokoa karafuu kadhaa, akakoroga, akanirudishia kijiko. Sasa vilikuwa vinatembea sambamba. Mtu ambaye hajapitisha hata tone mdomoni. Sina kofia, ningeivua.

Dumu limejazwa, kifuniko kimekazwa, liko chini ya kitanda chake penye ubaridi, viungo viingie mpaka Jumamosi. Friji lipo. Nililitengeneza mie mwaka jana. Tangu hapo ni kabati la sahani.

Jumatano, 12 Machi

Hakuna cha kuonja. Feni mbili, pasi moja. Joto la ajabu. Mama Salma anakwenda kulipapasa dumu kila baada ya sala, kama mtoto mwenye homa.

Alhamisi, 13 Machi

Dumu limevimba.

Mama Salma anaona ni heri, limeshiba viungo. Kalifungua mbele yangu. Likapumua kwa nguvu, povu likapanda. Salma kafurahi mpaka basi: imekuwa kama soda, bila hata kiwanda.

Nikaonja.

Ladha hii naifahamu. Kwetu tunagema ulanzi kwenye mianzi. Asubuhi mtamu, mtoto anakunywa. Ukilala siku mbili, baba mzima anaimba barabarani. Juisi ya Mama Salma imelala siku mbili kwenye joto la Mtoni, kifuniko kimekazwa.

Nikaonja tena kuhakikisha. Mara ya tatu sina maelezo ya kitaalamu.

Ndani ya nyumba hii hakuna anayeijua ladha hiyo. Mama Salma ana miaka sitini na kitu, haijawahi kumgusa. Salma ndiyo kabisa. Wao wanaona povu, wanaona maendeleo. Wangeijua wakati mmoja tu: Jumamosi, adhana ikilia, pamoja na wageni.

Nimesema nipeni muda nitafakari. Nimerudi chumbani kufungua feni isiyo na ubovu.

Naogopa. Nikisema, nimejitangaza. Chumba hiki nilipewa kwa sharti moja, mpangaji asiwe mnywaji, nami niliitikia kwa kichwa vizuri sana. Nikinyamaza, watu watafungua saumu kwa kilevi kutoka mkono wa mama huyu. Salma hataolewa Kinondoni wala popote habari hiyo itakapofika. Na habari ya namna hiyo hufika.

Ijumaa, 14 Machi

Nimesema. Nilimkuta anafagia uani.

"Shikamoo, mama. Ile juisi imechachuka. Imekuwa kilevi."

Akasimamisha ufagio. Akaangalia mlango wa chumba chake, akaniangalia mie, muda mrefu.

"Una hakika?"

"Nina hakika."

"Umejuaje?"

Nikafungua mdomo.

"Usinijibu, Fundi. Nimefunga."

Hilo tu. Kaimwaga yote kwenye mtaro. Dumu kalitoboa kwa kisu, kalitupa jalalani. Aliyelia ni Salma. Mama kamwambia kama ana nguvu za kulia basi ana nguvu za kuchambua ile ndoo ya yaliyopondeka, kinachofaa huku, kilichooza kule.

Nimeona watu wakipoteza kitu kidogo kuliko hicho wakajitupa kitandani na viatu miguuni.

Jumamosi, 15 Machi

Umeme umekatika kabla ya adhuhuri. Blenda imebaki pambo.

Mama Salma katoa kinu cha kisamvu. Kakisugua kwa maji ya moto na ndimu mpaka mti umebadilika rangi, kisha katwanga matufaa. Jua la Machi, saumu, miaka sitini na kitu. Nikaomba mchi. Kanipa, kanitazama nikitwanga, kaurudisha mkononi mwake.

Hakuna maganda yaliyotupwa. Kayachemsha peke yake kwanza, maji yakawa mekundu kama asali ya nyuki wadogo. Ndipo juisi, ndipo viungo, vyote jikoni, vichemke haswa.

Nikamkumbusha: moto unaua harufu.

"Leo uue na mengine," kasema.

Kaja na kijiko. Nikafumba macho. Kabla sijasema kitu nikasikia anaparuza tangawizi. Ndicho nilichotaka kusema. Nilimuuliza kajuaje. Kasema aliniona navuta pua mara moja tu; tangawizi ikitosha mtu huvuta mara mbili.

Nimeonja ya mwisho. Tamu, moto kidogo kooni, kisha harufu ya shamba la dada yangu asubuhi ya baridi. Nilikaa kimya kwa heshima. Kasema haya, hilo sasa ndilo jibu.

Ikapozwa kwenye beseni la barafu za mifuko. Wageni wakaingia jua linashuka. Nilialikwa mkekani na wanaume, karibu na mlango wa sebule. Bi Nasra mrefu, mkimya, miwani imekaa puani kama hakimu. Adhana ikalia. Tende, kisha glasi. Mama Salma alibaki wima na sinia, anaangalia glasi moja tu.

Bi Nasra akaiinua kwenye taa ya chaji. Akainusa. Akainusa tena.

"Hii mmekamua wenyewe," akasema.

Wanaume mkekani walikuwa washamaliza, wanaangalia jagi.

Wakati wa kuaga ndipo Bi Nasra akalitoa neno: barua italetwa baada ya Idi. Salma alikimbilia jikoni. Mama Salma alikaa chini kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, akajimiminia iliyobaki, akaonja. Akasema ingetaka ndimu kidogo.

Jumapili, 16 Machi

Mvua nyepesi. Nimetoka kanisani, nimewakuta wanaosha vyombo. Mama Salma kasema chumba changu kinavuja, atamwita mtu wa bati. Hakusema kingine. Sihami.

Nimesaidia kubeba sinia. Glasi zote tupu, isipokuwa moja, imejaa mpaka juu, sisimizi pembeni.

Nikamuuliza Salma ya nani.

Ya Bi Nasra. Ana kisukari. Alikunywa maji, kama mara ile ya kwanza.