Tela Lina Taa

Mwanangu Rukaya,

Simu hupokei, basi naandika. Nina miaka sabini na tisa, nimewazika mafundi wote walioniita mbishi. Tela la pikapu nimelifunga taa mwenyewe. Mara ya kwanza niliwasha indiketa ya kushoto, zikawaka zote. Kumbe waya wa ethi, ule unaotakiwa kugusa chuma, niliufunga juu ya rangi. Nikakwangua mpaka chuma, zikatii.

Mama yako alisema, "Mzee, kamchukue alfajiri, watu wasione." Nikakataa. Talaka yako siyo wizi. Jumamosi nafika kwako Manundu mchana, napakia kitanda na cherehani yako, wewe unakaa mbele na mimi.

Ni mimi baba yako, Ramadhan. Huamini kama taa zinawaka? Muulize mama yako huyohuyo. Alisimama nyuma ya tela akapaza sauti, Kang'ata yetu nzima ikasikia: "Zinawaka! Kamlete mwanangu!"