Picha ya Maktaba Isiyo na Ngazi

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Najua umeutambua mwandiko wangu tangu kwenye bahasha, kwa hiyo kabla ya yote nakuomba usiifiche barua hii chini ya michoro yako ukisema utaisoma baadaye. Habari za huko? Kifua bado kinakusumbua wakati wa baridi? Unakula vizuri, au bado ni chai na mkate mpaka jioni? Hilo la chakula ni swali la Mama. Alisimama nyuma yangu mpaka alipoliona limeandikwa, ndipo akaenda zake.

Sisi hatujambo kiasi. Paa la studio limeacha kuvuja. Paka amezaa ndani ya boksi la karatasi za picha, na Baba amekataa katakata asihamishwe, ati mwenye nyumba ni paka, sisi ni wapangaji tu. Mimi nimeingia kidato cha tatu. Shuleni nako wameanza kuniita Rula, na wa kulaumiwa ni wewe, uliyelianzisha jina hilo siku niliposema fremu ya sebuleni imepinda, mkanibishia nyote, mpaka Baba alipoleta pimamaji akakuta kweli imepinda.

Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu simu zetu huzipokei. Tangu Baba alipokutumia ile picha ya maktaba, umeniandikia mara moja tu, kwamba nimwambie ujumbe wake umeupata: amekukata. Kaka, sikumwambia. Mama naye alisema tulinyamazie. Kwa hiyo Baba hajui kwa nini uko kimya. Kila nikitoka shule huniuliza kama umesema chochote kuhusu ngazi zako. Nikijibu bado, husema basi kazi imembana, mtoto wa watu, kisha hurudi kwenye kompyuta.

Naomba nikueleze picha ile ilivyopigwa, maana nilikuwepo.

Najua wewe na Baba mlivyoachana vibaya. Yeye alisema hawezi kufunga studio kwa ajili ya mtu anayetaka kuchora nyumba ambazo hazipo. Wewe ukasema afadhali kuchora nyumba ambayo haipo kuliko kuzeeka ukipiga picha nyumba za wenzako. Neno lile lilimwingia. Lakini Mama alipomwambia kwamba maktaba imekamilika, na kwamba zile ngazi za nje ulizichora wewe peke yako tangu mstari wa kwanza, alianza kufuta lenzi ambazo hazikuwa na vumbi. Likizo ilipofika tukapanda basi, mimi na yeye. Majirani aliwaambia ameitwa na mteja. Hakukuwa na mteja yeyote.

Tulipofika, wewe ulikuwa umeshahamishiwa kazi nyingine. Mlinzi hakutaka kutufungulia. Baba akamwambia zile ngazi ni za mwanawe, na mlinzi akamjibu kwamba kila mzee anayekuja pale ana mwanawe aliyejenga kitu, jana tu alikuja baba wa bomba. Walicheka wote wawili, tukapita. Nilidhani atatoa kamera moja kwa moja. Hakuitoa. Alipanda ngazi zako kwanza, polepole, mkono kwenye reli, mpaka juu kabisa. Akashuka. Akapanda tena. Aliposhuka mara ya pili alisema vipandio umeviweka vifupi kana kwamba ulikuja kulipima goti lake bovu akiwa amelala.

Ndipo akaanza kutafuta mahali pa kusimama. Unamjua. Alitaka mstari wa paa, mstari wa madirisha na mistari ya vigae vya chini yote ikimbilie sehemu moja kule mbali, na ngazi zako zipande kutoka kushoto kuifuata. Kamera aliinyoosha mpaka kuta zikaacha kulalia nyuma, maana jengo, kwa maneno yake, lazima lisimame kama mtu mwenye adabu. Aligeuza kichwa mara nyingi sana, kushoto na kulia, nami nikadhani anachagua. Mwishowe alipiga kwa upana, akiacha nafasi kubwa pembeni, kama alivyotufundisha sote wawili: nyumbani ndiko kwa kukata, na hakuna mkasi unaorudisha kilichoachwa nje. Njia nzima ya kurudi alikuwa anapiga mluzi.

Shule zilipofunguliwa, aliikata picha mwenyewe, akaichapa na kuituma nikiwa darasani. Niliiona kwenye kompyuta baada ya ujumbe wako. Paa linakimbia, madirisha yanakimbia, na pale ngazi zako zinapoanza, picha imekwisha. Kibaya zaidi ni kwamba ni nzuri. Nilimchukia, Kaka. Nilikuwa namwekea chai mezani bila kumtazama usoni.

Lakini nilipoanza kuangalia, niliona kwamba siku hizi picha zake zote ziko hivyo. Mwenye hoteli mpya alikuja juu, anataka kujua kibao chenye jina la hoteli kimekwenda wapi. Baba akamwambia aliagiza picha ya jengo, kama anataka ya kibao aende kwa mchora vibao. Yule bwana akasema hoteli isiyo na jina ni hospitali. Mimi nilimcheka. Nilijiambia Baba amepata mtindo mpya, wa kukata kwa ukali ili mistari ionekane kama inatoka nje ya fremu, na nikafikiri labda hata ngazi zako zilikatwa kwa ajili ya mtindo, si kwa ajili ya ugomvi. Nikamuiga. Kwenye maonyesho ya shule nilipeleka picha ya ukumbi wetu, nguzo zikikimbilia kulia, na upande wa kushoto nimeukata kabisa. Mwalimu wa sanaa alisimama mbele yake muda mrefu, akasema huo ni ujasiri. Mkuu wa shule aliuliza tu ofisi yake imekwenda wapi. Nilifurahi sana siku ile, na sasa nikiikumbuka furaha hiyo najisikia vibaya.

Nyumbani nako kulikuwa na vituko. Baba alianza kulalamika kwamba Mama anampunja chakula. Mama akija kutazama anakuta nusu ya sahani imebaki. Anaizungusha tu, na Baba anashangaa, anauliza kilikuwa kimefichwa wapi. Tulicheka mpaka machozi. Akipita mlangoni anajigonga bega la kushoto, anasema nyumba inasinyaa. Napo tulicheka.

Jumamosi moja nilitaka kumwonyesha ile picha yangu ya ukumbi, lakini kwanza nikamfungulia ile nzima, ambayo haijakatwa, nione yeye angekata wapi. Alikaa kwenye kompyuta, nami nikavuta stuli nikakaa pembeni yake, upande wa kushoto. Aliitazama kwa makini. Akasema hii tayari imeshakatwa, na imekatwa vizuri, nguzo zinaanzia pale pale zinapotakiwa. Nikamuuliza, na hii ofisi ya mkuu? Akauliza ofisi gani. Kisha akainua sauti, akaita, “Rula! Uko wapi wewe? Njoo uone mwenyewe.”

Nilikuwa nimekaa karibu naye kiasi cha kusikia pumzi zake.

Nikasema, “Baba, nipo hapa.” Akageuza kichwa chote, akashtuka kama ameona mtu ametoka ukutani. Halafu akacheka, akanikanya nisimnyatie kama paka.

Nilikwenda kumwambia Mama jikoni, naye akakaa chini bila kuangalia kama pana kiti. Unakumbuka, kabla ya safari yetu ya maktaba, alikuandikia kwamba Baba alianguka bafuni asubuhi, akainuka, akanywa chai, akaenda kazini kama kawaida? Tulimpeleka hospitali, na daktari anasema jambo lilitokea siku hiyo. Mshipa mdogo uliziba kichwani. Macho yake ni mazima, yote mawili, ila sehemu ya ubongo inayopokea vitu vya upande wa kushoto imezimika. Haoni giza pale, ndiyo maana hakujua. Kwake upande huo haupo tu, na kilichobaki anakiona kimekamilika. Daktari alisema hautarudi, lakini mtu anaweza kujizoesha kugeuza kichwa na kuutafuta.

Baba hakulia. Aliuliza jambo moja, kwamba picha alizopiga tangu aanguke zimetoka vipi. Mama akawahi kujibu kwamba zimetoka vizuri tu. Sijawahi kumsikia Mama akimdanganya Baba kabla ya hapo.

Tukiwa nje ya hospitali alitukataza tusikwambie. Alisema hataki urudi kwa kumhurumia, anataka urudi siku utakayotaka mwenyewe. Mama aliitikia. Mimi nilikuwa nimesimama kushoto kwake, kwa hiyo hakuona kwamba sikuitikia.

Kaka, Baba hakukukata. Hakukuona. Alizipanda ngazi zako mara mbili, anazo kichwani, na anaamini zimo kwenye picha. Ndani ya bahasha hii nimeweka picha nzima kama kamera ilivyoichukua. Nimeichapa mwenyewe, sijaikata hata unywele. Fuata kwa kidole mstari wa reli yako, utaona unakwenda kukutana na mstari wa paa. Hiyo haikuwa bahati. Ndicho alichokuwa anakitafuta akigeuza kichwa huku na huku.

Kazi imepungua. Mwenye hoteli amempata mpiga picha mwingine. Siku hizi Baba ananiambia wapi mistari ielekee, nami nakata. Kwenye ukingo wa kushoto wa kioo cha kompyuta nimebandika utepe mwekundu, na sheria yetu ni kwamba hakati mpaka autafute na kuuona. Mara ya kwanza alikasirika, akasema si mtoto wa chekechea. Jana aliutafuta bila kukumbushwa. Nilifurahi, kisha nikaogopa, kwa sababu siku moja ataifungua picha ya maktaba, atautafuta utepe, na atajua alichokutumia. Nataka siku hiyo ikifika, wewe uwe umeshampigia simu.

Atakuuliza kama umeziona ngazi. Mwambie umeziona. Hutakuwa umesema uongo, picha unayo mkononi. Mengine utaongea naye ukipenda, mimi sikufundishi, wewe ni mkubwa wangu.

Mama anakusalimu sana, na anasema uvae sweta. Jirani fundi cherehani anakusalimu, anauliza kama huko mnavaa suruali zisizo na pindo. Baba angekusalimu kama angejua naandika. Mungu akulinde na akupe afya, nami naomba jibu, hata la mstari mmoja.

Na ukija mwenyewe, mjie kwa kulia. Mezani ulikuwa unakaa kushoto kwake. Kiti chako tumekihamisha.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Rula