Taa Uliyoiziba kwa Tepu

Mdogo wangu,

Chai iko kwenye chupa. Dawa ya Baba ni saa nne, ale kwanza. Dumu la methanoli usiliingize jikoni, ile ni sumu.

Asubuhi nimefungua injini ya gari lako. Pistoni imeyeyuka. Wiki nzima Baba ananilaumu kwamba nilikufungia vibaya ule mfumo wa kunyunyiza maji na methanoli kupoza hewa ambayo turbo inaisukuma ndani ya injini, na wewe umekaa pale, unatafuna chakula chako. Kumbe tangi la huo mfumo lilikuwa kavu! Taa ya kukuonya umeiziba kwa tepu nyeusi ili uzidi kukanyaga mafuta.

~~Funguo za gereji ziache mezani.~~ Kaa nazo. Ila mwambie Baba mwenyewe kabla sijarudi. Mimi sikusemei.

Dada yako