Pikapu Iliyoangalia Tunduma

Tunduma, Songwe

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Goti linaendeleaje? Usinijibu "nzuri tu" kama kawaida yako, mwambie dada Naomi aniandikie ukweli. Na alizeti, imeota au mvua imewakimbia tena? Mimi ni mzima wa mwili. Kichwani ndiko kuna vurugu, na ndiyo sababu naandika karatasi badala ya kupiga simu. Juzi uliniuliza, "Umekubaliwa au hujakubaliwa?" Nikaanza kujibu, nikajichanganya, halafu nikasikia nyuma yako nusu ya ukoo inasikiliza, nikakata.

Sijui, mama. Wiki nzima najiuliza na sijui. Baba mdogo anasubiri neno langu apande basi alete barua ya posa kwa wazazi wa Atupele, nami siwezi kumsafirisha mtu mzima kutoka Singida mpaka huku mwisho wa nchi aje kuaibika. Hebu soma yaliyotokea, kisha uniambie wewe unaonaje.

Kazi yangu unaijua, kuvuta magari. Yale yanayotoka bandarini kwenda Zambia yakifia njiani, sisi tunayafuata na kruza ya bosi, tunayapandisha kwenye tela na kuyaleta mpakani. Sasa baba yake Atupele, ambaye hapa wote tunamwita Baba Atu, amefunga duka lake Tunduma na kurudi kwao Ileje, milimani. Mkewe alitangulia na basi. Ilibaki pikapu ya mzee, kuukuu, injini imekufa, lakini haiachi kwa lolote. Akamtuma Atupele aniulize kama naweza kuivuta mpaka nyumbani, naye na baba yake wapande humo humo ndani ya kruza. Bosi akaniruhusu. Nikasema moyoni, huu ndio usaili wangu.

Asubuhi niliipandisha pikapu kwa winchi, kichwa mbele, nikaifunga minyororo. Baba Atu akatoka na koti lake la suti, akaizunguka mara moja.

"Gari hili linaangalia wapi?"

"Mbele, baba. Ileje."

"Na Tunduma linaipa nini?"

Nikageuka kuangalia nyuma.

"Linaipa mgongo. Mimi nimeuza duka hapa tangu mpaka huu una geti la mti. Majirani wangu hawa hapa, wateja wa ng'ambo hawa hapa. Nikiondoka hivi watasema nimetoroka. Ligeuze, liwaangalie watu, liwaage."

Mama, hapa ndipo nilipokosea. Pikapu uzito wake wote uko kwenye injini. Ukiipandisha kichwa mbele, uzito unakaa karibu na kruza na tela linatulia. Ukiigeuza, uzito unakwenda mkiani, na tela la mkia mzito likifika mteremkoni linaanza kucheza, linaivuta kruza huku na huku. Hilo ndilo jambo la kwanza nililofundishwa yadi, kabla hata sijakabidhiwa ufunguo. Nililijua kabisa. Nikafungua mdomo nimweleze, nikausikia mdomo wenyewe unasema, "Sawa, baba."

Ningesemaje? Mkwe wangu mtarajiwa, mbele ya majirani zake, na Atupele ananitazama. Nikaigeuza. Nilipomaliza nikaona kruza imeinuka nyuma, ile ndoana ya kuvutia tela imenyanyuliwa badala ya kukandamizwa. Nikajifanya sijaona. Nikajiambia nitakwenda polepole. Baba Atu akachungulia dirishani, akawaaga wateja wake Wazambia kwa lugha yao, "Shalenipo mukwai!" na pikapu ikawaangalia mpaka tukakata kona.

Mpaka Mpemba hakuna neno. Tukakata kuelekea Isongole, tukaanza kupanda, na kupanda nako hakukuwa na neno, ila kruza ililia kwa uzito. Nikaanza kujiona fundi. Mzee alikuwa pembeni yangu, ananionyesha mashamba ya kahawa na kuniuliza kwetu tunalima nini. Nikamwambia alizeti. Akasema alizeti si zao baya. Mama, nilifurahi utadhani nimeshapewa mke.

Ndipo tukaanza kushuka. Kwanza nilihisi usukani umekuwa mwepesi. Kisha kwenye kioo nikaliona tela linakwenda kulia, linarudi kushoto, linakwenda kulia zaidi. Nikakanyaga breki, ikawa mbaya maradufu. Huku ukuta wa mlima, huku bonde, na ukungu bado haujaondoka chini kule. Mzee alikuwa bado anaongea habari za miche ya kahawa.

"Eli, nini hicho?" Atupele akauliza kutoka nyuma, ameshika kiti changu.

"Upepo," nikasema.

Hakukuwa na upepo wa kutikisa hata jani. Niliondoa mguu kwenye breki, nikashusha gia, nikashika usukani bila kubishana nao, na midomo yangu ikawa inakutaja wewe badala ya Mungu, anisamehe. Tela likatulia kidogo kidogo. Nikaona mahali penye upana pembeni ya barabara, nikasimama. Nikashuka.

Nikamwendea mzee dirishani. "Baba, naomba niligeuze gari."

Aliitazama pikapu, akanitazama mimi. "Ulijua toka asubuhi?"

Nifikirie hapo, mama. Nikisema sikujua, mimi ni mjinga asiyeijua kazi yake. Nikisema nilijua, mimi ni nani?

"Nilijua, baba."

"Na ukaniitikia."

"Nilikuitikia."

Akashuka, akavua koti, akalikunja na kuliweka juu ya kiti. Wakulima waliokuwa wanapita na mizigo ya ndizi wakaja kutusaidia. Tuliiteremsha pikapu, tukaisukuma kuigeuza, na Baba Atu mwenyewe akaingia akashika usukani wake, akawa anautii mkono wangu, "kushoto, baba, tena, hapo hapo," kama mtoto wa shule. Winchi ikaipandisha kichwa mbele. Safari iliyobaki tela lilitufuata kwa adabu mpaka tukaipita Itumba na kufika kwao.

Sasa sikiliza mambo yanayonichanganya. Wanawake walipiga vigelegele, tukakaribishwa, wali na kuku vikaletwa. Baba Atu akachukua firigisi, ambayo kwao kama kwetu ni ya baba mwenye nyumba, akaiweka kwenye sahani yangu. Nikasema nimepona. Ndugu zake wakamuuliza kijana huyu ni nani. Akajibu, "Dereva aliyenileta." Dereva! Nilibaki na firigisi mdomoni sijui niimeze au niitoe.

Tulipoaga alinisindikiza hadi kwenye gari. Akainama, akaikagua ndoana kwa mkono wake. "Huyo baba yako mdogo unayetaka aje," akasema, "naye ni mtu wa kuitikia itikia?"

Nikasema hapana, yeye ana mdomo.

"Haya," akasema.

Haya nini, mama? Haya aje, au haya nenda zako? Nimeigeuza hiyo haya pande zote.

Atupele nilirudi naye, maana ana meza yake ya vitenge hapa Tunduma. Tulipofika Mpemba nikamuuliza baba yake amesemaje juu yangu.

"Kwa baba yameisha. Kwangu bado."

"Nimekukosea nini?"

"Ulijua toka asubuhi, na mimi ukaniacha nipande. Ulimwogopa baba kuliko ulivyoogopa mimi nife."

Nikamwambia samahani. Akasema samahani ameisikia, anachotaka kujua ni kwamba akiolewa na mimi ataambiwa upepo mpaka lini. Akashuka na pochi yake, akaenda. Tangu siku hiyo ananisalimia vizuri, kama mteja.

Basi mwambie baba mdogo asipande basi kwanza. Nilidhani wa kunikubali au kunikataa ni mzee, nikamtazama yeye njia nzima, kumbe aliyekuwa anapima alikaa nyuma yangu. Nampenda, mama, na sijui nimwambie nini aniamini.

Nisalimie dada Naomi na shemeji, na watoto wao wasioniandikia. Nisalimie baba mdogo, mwambie suti yake aihifadhi vizuri, isiliwe na mende. Nisalimie bibi mzaa baba, umpigie kelele sikioni kwamba nipo hai. Nisalimie mama mchungaji, aendelee kuniombea.

Nilishakunja karatasi, nimeikunjua tena. Mama, ulipoumwa goti uliniuliza kama nikioa tutarudi kukaa na wewe hapo nyumbani. Nikakujibu ndiyo, mama. Naomi ananiambia umeanza kufyatua matofali ya chumba chetu. Mama, nilijua tangu siku ile kwamba haturudi. Kazi yangu iko huku, na meza ya Atupele iko huku, akinikubali au asiponikubali. Nilishindwa kukuambia kwa sababu ulikuwa unalia kwa maumivu, na baadaye nikashindwa kwa sababu ulikuwa unafurahi. Acha matofali, mama, goti lipumzike. Ukinikasirikia una haki, ila usiniambie nzuri tu.

Ni mimi mwanao,

Elibariki